Malaika Aingie wa Mwisho

Ukitaka kumkera wifi yangu, ingia dukani kwake, onyesha kidole kwenye kioo, useme, "Nipe huyu mwekundu na yule wa buluu, watapendeza pamoja." Hatakutukana. Atafuta mikono kwenye aproni, atakutazama, halafu ataanza. Tangi lako lina ukubwa gani? Maji yamekaa muda gani? Ndani kuna nani? Nani alitangulia? Mtu aliyekuja kununua samaki anajikuta anahojiwa kama aliyekuja kuposa. Akijibu ovyo, haondoki na samaki, anaondoka na kopo la chakula na ahadi ya kurudi, na wengine hawarudi.

"Unafukuza wateja," nilimwambia siku moja.

"Sifukuzi wateja, wifi. Mtu hawezi kuchukua wanne wasioelewana akawafungia chumba kimoja, halafu akashangaa asubuhi." Akaendelea kusugua kioo.

Mtaani wanamwita Mama Vioo. Duka lake lote ni matangi, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na maji yanabubujika kila upande hata ukitoka nje masikio bado yanabubujika. Mimi samaki namjua wa kwenye sahani. Hawa wa kutazamwa niliwaona upuuzi mtupu, na nilibaki mdomo wazi pale kaka yangu, fundi umeme mwenye akili zake timamu, alipoingia mle kufunga taa akatoka na mchumba.

Kaka alikuwa na binti tayari. Mama wa binti aliolewa kwingine zamani, mtoto akiwa bado wa kubebwa, na baba na mwana wakaishi wawili tu mpaka binti akafika umri wa kumchagulia baba yake shati la kuvaa. Kwa hiyo Mama Vioo alipoingia na mabegi yake, alipokelewa kwa mlango wa chumba uliobamizwa. Jamani, yule mtoto alimpelekesha! Mamdogo akiweka sufuria kulia, yeye anaihamishia kushoto. Mamdogo akikaa kwenye kochi la dirishani, binti anasimama mbele yake, kimya, mpaka mwenzake anyanyuke, maana pale ni pake. Kaka ndiye aliyekuwa katikati yao. Anatania huku, anabembeleza kule, siku zinakwenda. Aliwatengenezea tangi kubwa sebuleni, nyaya zote kapitisha mwenyewe, akaweka kiti chake mkabala nalo. Jioni alikuwa anakaa pale na kikombe chake cha chai, mke upande huu, binti upande ule, wote watatu wanatazama samaki ili wasitazamane.

Halafu moyo wake ukasimama, kazini, akiwa juu ya ngazi kwenye nyumba ya watu. Hilo sitaki kulisimulia. Alikuwa kaka yangu wa pekee, na mpaka leo nikiona ngazi nageuza uso.

Nyumba ikajaa watu. Na watu wakija msibani wana huruma, lakini ukishampa mjane pole, ukishamshika binti kichwa, unabaki huna la kufanya na mikono yako. Sasa kopo la chakula cha samaki lilikuwa juu ya tangi, wazi. Mmoja akasogea, akasema, "Maskini, na hawa nao wamefiwa," akatupa kidogo. Baadaye akaja mwingine, naye akawaonea huruma. Ikawa kila anayeingia anatoa pole, anapokea chai, anawalisha samaki. Walilishwa asubuhi, mchana, mpaka jioni, na watu wazima wenye familia zao. Chakula kikalala chini kikaoza, maji yakawa kama ya kuoshea mchele, na samaki wa kaka yangu wakaanza kuelea mmoja mmoja, matumbo juu. Mimi sikutupa hata punje, tusisingiziane.

Kilichonitisha si samaki. Kilichonitisha ni kwamba Mama Vioo alikuwa amekaa mbele ya lile tangi siku zote hizo. Yeye, anayemkatalia mteja kwa samaki mmoja wa ziada! Aliona mkono wa kwanza, akaona wa pili, akaona yote, na hakufungua kinywa.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza watu walipopungua.

"Niliona."

"Uliona. Halafu?"

"Halafu basi, wifi."

Macho makavu. Mimi nililia mpaka sauti ikanipotea, nikalazwa, nikaamka nikalia tena. Yeye hakutoa hata chozi, na msishangae nikisema nilimchukia kwa hilo. Nilidhani hana moyo. Siku moja namsaidia kukunja nguo za marehemu, akaniambia bila kuulizwa, "Umewahi kung'olewa jino? Ile sindano ya ganzi. Unajipiga shavu, unajua ni shavu lako, lakini halijibu. Ndivyo nilivyo, mwili mzima." Akakunja suruali ya kaka yangu vizuri, mshono kwa mshono, akaiweka juu ya nyingine.

Wageni wakaisha, wakabaki wawili ndani ya nyumba. Binti anatoka kwenda shule bila kuaga. Mama Vioo anatoka kwenda dukani bila kuuliza. Jioni kila mmoja anajipakulia, mmoja anakula jikoni amesimama, mwingine chumbani amefunga mlango. Hawakugombana. Laiti wangegombana ningepata la kuamua. Tangi likabaki pale na maji yake machafu na taa imezimwa, na kiti cha kaka mkabala nalo, na hakuna aliyekikalia wala kukisogeza.

Ndipo akaja kwangu fundi cherehani, yule mama mwenye kibanda kilichopakana na duka la wifi. Alikuja na shughuli zake, lakini nilimwona ana jambo.

"Mama yangu, wifi yako hayuko sawa," akasema. "Jana kauza wale wa milia wanaong'ata mapezi. Kawafunga mfuko mmoja na wenye mapezi marefu. Mteja kaonyesha kidole tu, kapewa. Hakuulizwa kitu."

"Hakuulizwa kitu?"

"Hata ukubwa wa tangi."

Loo! Nilikaa chini. Mtu asiyelia unaweza kusema kajikaza. Lakini Mama Vioo kuuza bila kuuliza, huyo hayupo, hapo limebaki gamba. Na ndani ya nyumba ya gamba hilo yuko mtoto wa kaka yangu.

Nikasema basi, nitamchukua. Tena nasema wazi, nilimtaka. Ana paji la uso la kaka, ana kile kicheko chake cha puani, na nyumba yangu imepoa tangu wanangu wahame. Nikamwita baba mkubwa, aliyebaki kichwa cha ukoo, ambaye masikio yamemchoka na hukubali lolote linalosemwa kwa sauti. Tukakaa sebuleni. Nikasema shule zikifungwa binti anahamia kwangu. Baba mkubwa akaitikia kwa kichwa.

Nikamgeukia binti. "Sawa, mwanangu?"

"Sawa, Shangazi."

Nikamgeukia mwenzake. "Sawa, wifi?"

"Sawa."

Hiyo sawa yao ilinikera kuliko tusi. Mmoja angesema hapana, basi! Nikaenda nikanunua kitanda.

Haukupita muda mrefu nikaenda kuangalia nguo za kufungasha. Nikamkuta Mama Vioo kapiga magoti mbele ya tangi, mikono ya gauni kaikunja, anachota maji machafu kwa ndoo.

"Kulikoni leo?" nikauliza.

"Linanuka."

Binti alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake. Akatazama weee. Kisha akasema, na hayo ndiyo maneno ya kwanza kuyasikia yakitoka kwake kwenda kwa mamdogo wake tangu msiba, "Utaweka samaki tena?"

"Sijui."

"Kama ungeweka, ungeweka gani?"

Mama Vioo akaacha ndoo. Akafuta mikono kwenye gauni kana kwamba ni aproni. Akamtazama.

"Tangi lako lina ukubwa gani?" akasema.

Binti akababaika. Halafu akafungua mikono yake, akaanza kupima kioo kwa pima za mikono, na mimi nikabaki nimekaa pale kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe.

Msidhani mambo yalibadilika. Uso wa Mama Vioo ulikuwa ule ule, sauti ile ile ya mtu anayesoma tangazo. Ila alikuwa anauliza. Alileta kutoka dukani sponji ya pampu, chafu, ya kahawia, inatiririka uchafu, akaitia kwenye maji masafi. Nikapiga kelele. "Khaa! Umesugua kutwa nzima halafu unatia takataka?"

"Maji masafi mno yanaua," akasema. "Humo kwenye sponji ndimo mna uhai mdogo mdogo unaokula sumu ya samaki. Lazima ukae kwanza, uzoee. Tunangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yawe tayari."

Wakangoja. Binti akawa anapitia dukani akitoka shule. Mimi nami nikawa napitia, si kwa ajili ya samaki, nilitaka kuona kama mtoto anakula. Nikamkuta kasimama mbele ya kioo na begi mgongoni, anachagua.

"Nataka hawa." Vidogo vile vyenye mstari wa buluu unaowaka, wenyewe wanawaita neoni. "Na nataka huyu." Yule mpana mwenye mapezi marefu juu na chini, anayeelea kwa madaha kama bibi harusi. Huyo wanamwita malaika.

"Chagua," Mama Vioo akamwambia. "Neoni au malaika."

"Mbona hata hawagombani? Malaika bado mdogo."

"Atakua. Samaki hana ubaya, ana kinywa. Kinachoingia kinywani anakila, na neoni anaingia."

"Basi malaika."

"Yupi?"

Binti akaonyesha mmoja aliyekuwa peke yake kwenye tangi la nyuma, mweusi mweusi, pezi moja limechanika. Mimi ningechukua wale wazuri wa mbele.

"Huyo kafukuza wenzake wote wakajibana pembeni hawali," Mama Vioo akasema. "Ndiyo maana nimemtenga."

"Kwa hiyo ni mbaya?"

"Si mbaya. Alitangulia tu. Aliingia tangi likiwa tupu, akajua lote ni lake. Kila aliyekuja baadaye kwake ni mwizi."

 Binti alikuwa anakwangua kioo kwa ukucha, na jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Nilidhani ni joto la mle dukani.

"Anaweza kukaa na wengine?" akauliza baadaye.

"Anaweza. Ila tumtafutie wa kumfaa. Wa kati wawe wa rangi ya limau, ni wapole na hawameziki, tena tuweke kundi, wakiwa wachache wanaishi na hofu. Wa chini wawe hawa wenye sharubu, hawana habari na mtu, wao na mchanga wao. Yeye akae juu. Kila mmoja na ghorofa yake." Akawa kama kasahau anaongea na nani. "Na malaika aingie wa mwisho."

Basi wakaingizwa. Wenye sharubu walitangulia, mifuko yao ya nailoni ikaachwa ielee juu ya maji ili joto lilingane, kisha wakaachiwa polepole. Kabla ya kufungua mfuko Mama Vioo alizima taa ya tangi. "Mgeni asiingie mwangani," akamwambia binti. "Wenyeji wakimwona vizuri wanamvamia. Zima taa, akae gizani na wenzake, wakiamka wote wanajikuta humo." Siku nyingine wakaja wa limau. Wa mwisho akaja malaika, kwenye mfuko wake peke yake, amenuna.

Hapo ndipo Mama Vioo alipoingiza mkono mpaka kwapani akaanza kuvuruga tangi zima. Jiwe lililokuwa kulia akalipeleka kushoto. Gogo akaligeuza. Majani akayang'oa akayapanda kwingine. Samaki waliokwisha kuzoea wakawa wanazunguka hawajui waende wapi.

"Sasa wamekukosea nini hao?" nikauliza. "Si walishatulia?"

"Ndiyo hivyo. Walishagawana. Hili shimo la fulani, ile kona ya fulani. Ukihamisha mawe, hakuna mwenye pake. Wote wanaanza siku moja."

Binti akazima taa mwenyewe. Malaika akaachiwa. Tukakaa tunatazama giza la kwenye kioo, mchana kweupe, watu watatu. Kiti cha kaka kilikuwa tupu na sisi tumebanana kwenye mkeka. Hakuna aliyefukuzwa pembeni humo majini, si siku hiyo wala zilizofuata.

Nikafurahi, lakini sikubadili nia. Samaki ni samaki. Mama Vioo bado alikuwa hacheki, halii, chakula anakila kama anameza dawa. Na alikuwa hajasema neno moja kumzuia mtoto. Shule zikafungwa. Nikakodi gari dogo, nikaenda kumchukua.

Nimefika, namkuta Mama Vioo naye ndiyo kwanza anatoka dukani, kasimama kizingitini, mfuko mkononi, haingii. Nikachungulia juu ya bega lake. Mungu wangu!

Sebule siyo ile. Kabati lililokaa ukuta wa mlangoni tangu nyumba ijengwe liko upande wa pili. Meza imehamia dirishani. Makochi yamegeuzwa, hata lile la binti la dirishani limetupwa huko kwenye kona, na zulia limelazwa mshazari. Na kiti cha kaka yangu, kile ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa, kimeondolewa mbele ya tangi, kimewekwa mezani pamoja na viti vingine kama kiti chochote. Katikati ya yote hayo kasimama binti, jasho linamtoka, nywele zimejaa vumbi, nguo zake hazijafungashwa hata moja.

Damu ikanipanda. "Nani kakuruhusu kugusa kiti cha baba yako? Wewe mtoto una wazimu? Kaka yangu hajapoa kaburini unahamisha kiti chake!"

"Shangazi..."

"Shangazi nini! Kirudishe!"

"Shangazi, nimehamisha mawe."

Nikabaki na mkono hewani.

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mwenzake pale kizingitini. "Mimi ndiye niliyetangulia," akasema. "Wewe ukaja, nikawa nakufukuza. Sasa hapa hakuna pa mtu, Mamdogo. Hata pangu hapapo. Ingia."

Mama Vioo hakuingia mara moja. Aliweka mfuko chini. Akapita taratibu kati ya makochi, akigonga goti hapa, akishika ukuta pale, maana miguu yake ilizoea njia nyingine. Akafika dirishani. Akavuta pazia, akavuta na la pili, chumba kikaingia giza. Likabaki tangi tu linawaka kijani, na akanyoosha mkono akalizima nalo.

Tulisimama humo gizani. Nikamsikia anavuta kiti, kile kile, najua mlio wake sakafuni. Akakikalia.

"Wifi," akasema, "usimchukue."

"Mbona ulisema sawa?"

"Nilisema sawa kwa sababu sikusikia kitu. Mngesema mnakata mkono wangu ningesema sawa." Nikamsikia anajigonga kifua. "Leo asubuhi nimepita chumbani kwake nikaona begi tupu limewekwa tayari mlangoni. Nikasikia. Hapa. Iliuma kama ile ganzi inapoachia. Nimefika dukani sijui nimefikaje. Huyu akiondoka, wifi, mimi sitarudi kuwa mtu."

Halafu akalia. Jamani, kilio gani kile! Hakikuwa na sauti ya mtu mzima, kilikuwa cha mtoto aliyepotea sokoni. Binti akamwendea kwa kupapasa, akajikwaa kwenye zulia lake mwenyewe, akamfikia. Sikuwaona. Nilisikia tu pua mbili zikivuta kamasi, na moja ilikuwa ya kaka yangu kabisa.

Dereva akapiga honi nje. Nikatoka nikamwambia hakuna mzigo. Akauliza kama nimekosea nyumba, nikamwambia akome, hata kama kosa si lake.

Nilirudi ndani mara moja tu. Nikachukua lile kopo la chakula cha samaki, nikalifunga kifuniko, nikaliweka juu kabisa ya kabati mahali ambapo mgeni hafiki. Nikawaaga. Nilipofika nyumbani nikaingia kile chumba nilichomwandalia, nikakaa kwenye kitanda kipya, shuka bado ina mikunjo ya dukani. Nilikaa pale mpaka mgongo ukauma. Sijakitandua. Akija kunitembelea atalala hapo, na kama ana adabu atakuja na mamdogo wake.